Imeingia maji, haishiki chaji, Gmail siijui, WhatsApp imechukuliwa: soma hapa kabla hujagusa kitu

Assalaam alaykum jamani. Mie ni fundi simu, meza yangu iko Wete, Pemba, na haya ninayoandika ndo ninayoulizwa kuanzia asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Nimeamua niyaweke pahala pamoja kwa sababu nshachoka kuona simu nzima inakufa, na haifi kwa ule ubovu iliokuja nao, inakufa kwa kile mtu alichokifanya nusu saa ya mwanzo. Kaichomeka kwenye chaji ingali mbichi, kairesti (kaisafisha iwe kama mpya) na Gmail yake haijui, kampa mtu zile namba sita za kufungulia WhatsApp. Ubovu wenyewe mara nyingi mdogo tu, haraka ndo inayoukuza. Kwa hiyo soma sasa hivi likiwa halijakufika, ukingoja likufike utakuwa na kiwewe na hutosoma.

IMEINGIA MAJI, KHASA YA CHUMVI

Bamvua iliyopita alikuja bi mkubwa mmoja mkulima wa mwani kutoka upande wa Micheweni, simu kaifunga kwenye pindo la kanga. Akanambia, "Mwanangu, iliniponyoka pwani, nimeitia ndani ya mchele siku tatu na bado haiwaki." Nikaifungua mbele yake makusudi ili atizame mwenyewe. Pini ya chaji imeota kijani kama sufuria ya shaba iliyosahauliwa uani, pembeni ya betri kuna ungaunga mweupe, ile ni chumvi, na ndani ya tundu la chaji kuna kipande cha punje ya mchele kimekwama. Mchele haukumsaidia kitu, siku tatu zile chumvi ilikuwa imekaa ndani inakula shaba.

Hapo ndo pa kupafahamu vizuri. Maji yanakauka lakini chumvi haiondoki, inabaki juu ya bodi, inavuta unyevu, na hewa yetu huku visiwani ina unyevu mwaka mzima, basi kila ukiiwasha umeme unapita pasipotakiwa na shaba inazidi kuliwa. Ndo maana mtu anakwambia simu iliwaka vizuri kabisa wiki nzima kishapo ikafa ghafla. Na habari ya mchele hata Apple wenyewe waliandika Januari 2024 kwamba simu isitiwe kwenye mchele kwa sababu vile vipande vidogo vinaweza kuiharibu.

Fanya hivi, na ufuate mpango huuhuu:

1. Ikitoka kwenye maji izime papo hapo. Kama imejizima usiiwashe kujaribu. Ukijaribu mara moja tu inaweza kuwa ndo mara ya mwisho.

2. Toa kava, toa laini, toa memori kadi, na betri kama ni ile ya kutoka.

3. Kama ni simu ya batani au ya zamani ambayo betri inatoka, na imeanguka baharini, isuuze haraka kwa maji matamu, ya bomba au ya kisima kisicho na chumvi. Najua watu wanashangaa, ati imeingia maji na mie nakwambia uiongeze maji, lakini betri ishatoka, umeme haumo, na unachokitoa pale ni chumvi. Kama betri iko ndani haitoki basi usihangaike nayo, ipanguse, izime, na ikimbize kwa fundi siku hiyohiyo aifungue aisafishe bodi kwa spiriti na brashi laini. Usisubiri ijumaa ipite.

4. Iweke tundu la chaji likitizama chini, pahala penye upepo au mbele ya feni. Usiianike juani, usiipulizie mashine ya kukaushia nywele, maana joto linayeyusha gundi na kuiumiza betri.

5. Usiichaji. Hili nalirudia. Katika simu zote za maji ninazopokea, zilizochomekwa kwenye chaji zingali mbichi ndo ngumu zaidi kufufua.

Na nyie wenye simu zilizoandikwa haziingii maji msijiamini sana mkaenda nazo kuogelea, kipimo kile kinafanywa kwa maji matamu, bahari haimo, na ule mpira unaoziba unachakaa kila mwaka unaopita, na ikishafunguliwa na fundi mara moja hesabu kinga ishapungua.

HAISHIKI CHAJI

Kabla hujanunua chaja mpya wala hujabadilisha pini, chukua tochi umulike ndani ya tundu. Simu ya mfukoni inakusanya vumbi na nyuzi za nguo, kila ukichomeka waya unazishindilia, mpaka waya hauingii wote. Izime, chukua kijiti cha mbao cha kuchokolea meno, sio sindano wala pini ya nguo, uzitoe polepole. Nimetoa kijidonge cha pamba ndani ya simu ya kijana wa skuli aliyekuwa keshaambiwa kwengine kwamba sistimu chaji imekufa na atafute pesa.

Ikiwa tundu ni safi badilisha waya kwanza, halafu kichwa cha chaja, halafu jaribu umeme wa nyumba nyengine. Umeme ukikatika chomoa, usiiache simu ukutani ikingojea urudi, kwa sababu unaporudi unaweza kuja na nguvu isiyotulia, na zile chaja za bei ya chini nyingi hazina kinga ya kutosha ndani. Wale wa jenereta ndo kabisa. Ndugu zetu wa Unguja waliokaa gizani kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika, wanaijua kadhia ya kuchaji kwa jenereta.

Ukiona mgongo wa simu umeinuka au kioo kimeanza kubanduka pembeni, hiyo betri imevimba. Acha kuichaji, usiibonyeze irudi, usiitoboe, inashika moto kweli. Ilete.

TAREHE

Dogo hili lakini linanijia kila wiki. Simu ilikaa imekufa chaji siku nyingi, ikiwaka inaonyesha mwaka wa zamani, basi WhatsApp inakataa kufunguka na kila tovuti inakwambia sio salama. Mtu anadhani simu yake imedukuliwa. Ingia setingi, tarehe na saa, washa ile ya kujipanga yenyewe kwa mtandao. Kwisha.

MEMORI IMEJAA

Usianze kufuta picha za watoto. Fungua WhatsApp, setingi, nenda kwenye hifadhi na data, mle kuna pahala pa kusimamia hifadhi ambapo imekupangia yenyewe mafaili yaliyozidi MB 5 na yale yaliyosambazwa mara nyingi, na ukiangalia utakuta ni mavideo ya magrupu, mawaidha yaleyale yametumwa na watu kumi, video za arusi za watu usiowajua. Futa hayo kwanza. Kishapo zima ule upakuaji wa wenyewe wa picha na video, hapo na bando lako litapumua.

Jua pia kwamba Google inakupa GB 15 za bure na zinagawana Gmail, picha na bakapu ya WhatsApp, zote chungu kimoja. Kikijaa, barua pepe mpya haziingii. Yuko kijana alikuwa anangojea jibu la maombi ya kazi, akaja kwangu kwa habari ya kioo tu, katika kuzungumza nikamtazamia, akaunti imejaa pomoni kwa video. Tukafuta nyingi, tukamwaga na takataka maana bila ya hivyo nafasi hairudi, akaandika upya kuomba watumiwe tena.

GMAIL: HAPA NDO PENYE MAMBO

Nataka mnisikilize sana hapa. Wengi wetu simu tulinunua dukani, muuzaji akatuuliza "nikufungulie Play Store?" tukasema nifungulie, akabonyeza akabonyeza, akatupa. Gmail ile kaifungua yeye, kwa jina alilolitaka yeye, paswedi aliyoiweka yeye, mara nyengine na namba yake ya simu. Hukuuliza, hakukwambia, na wala si lazima awe mbaya, alikuwa ana wateja wanangoja. Unaitumia miaka mitatu, majina yote mle ndani, picha zote mle ndani.

Siku moja unasahau patani ya skrini. Mjuaji wa mtaani anakwambia hiyo iresti tu, anabonyeza kitufe cha sauti na cha pawa, simu inajisafisha, inawaka mpya, halafu inakuuliza: ingiza akaunti ya Google iliyokuwemo mwanzo. Huijui. Hapo simu imekuwa jiwe. Sio uchawi na sio mtandao umekufungia, ile ni kinga ya wizi iliyokuja na Android 5.1 mwaka 2015, imewekwa ili mwizi akiiba asiweze kuiresti akaiuza. Inashindwa kujua kwamba wewe sio mwizi. Mafundi tunabanwa tuzitoe hizo kinga, mie sifanyi mpaka nione risiti au boksi, kwa sababu siwezi kujua simu ni ya nani, na hata ikitoka, picha haziko tena.

Basi leo, sio kesho, simu ikiwa mkononi na iko wazi:

Ingia setingi, tafuta neno Google, gusa. Utaona jina na anwani ya Gmail. Iandike kwenye daftari, daftari la karatasi, liwekwe kabatini nyumbani. Usiiandike kwenye simu hiyohiyo.

Ingia pa kusimamia akaunti, sehemu ya usalama, angalia namba ya simu ya kurejeshea. Kama ni namba usiyoijua au laini uliyoitupa zamani, ibadilishe iwe unayoitumia. Hili la laini za zamani watu hawalifikirii kabisa. Laini ikikaa muda bila ya kutumika kampuni inaifunga na baadae inaweza kumuuzia mtu mwengine namba ileile, basi zile meseji za kurejesha akaunti zinamwendea mgeni aliyeko Tabora huko.

Badilisha paswedi. Kama huijui ya zamani, gusa pa kusema umesahau, na ikiwa simu ishaingia kwenye akaunti mara nyingi itakubali ile paswedi au alama ya kidole unayofungulia skrini. Ndo maana nasema ufanye simu ikiwa wazi, ikishajifunga njia hiyo hamna. Paswedi usiweke mwaka wa kuzaliwa wala jina la mtoto na 123, weka maneno matatu manne yasiyohusiana, ya Kiswahili kabisa, marefu, utayakumbuka.

Kama simu ishapotea au ishasafishwa, nenda g.co/recover, lakini usiende popote tu. Tumia simu au kompyuta uliyowahi kuingilia akaunti ile, ukiwa pahala unapokuwa siku zote, nyumbani au kazini, kwa intaneti ileile. Google wanaangalia vitu hivyo katika kuamua kama ni wewe. Jibu kila swali hata kama huna uhakika, kukisia hakukuharibii, na paswedi ya zamani kabisa unayoikumbuka iweke. Mtu anapanda boti anakwenda kwa ndugu yake Unguja, anatumia simu ya ndugu yake kurejesha akaunti aliyoifungulia Pemba, inamkataa mara tano, anakata tamaa. Rudi nyumbani ujaribu pale.

Na akaunti isiyoingiwa miaka 2 Google wanaweza kuifuta na vyote vilivyomo. Yule mzee wako aliyefariki na picha zake ziko kwenye Gmail yake, ingia, zishushe uzihifadhi.

WHATSAPP IMECHUKULIWA

Inakuja hivi. Unapata meseji kutoka kwa mtu unayemjua, yumo grupu la mchango wa arusi au la ukoo, anakwambia, "Samahani shangazi, nimekutumia namba sita kwa bahati mbaya, nirushie." Kweli kwenye meseji za kawaida kuna namba sita. Ukimrushia tu, WhatsApp yako imekwenda kwake, kwa sababu zile namba ndo funguo ya kufungulia akaunti yako kwenye simu nyengine, na yule anayekuandikia sio mpwa wako, mpwa wako kachukuliwa jana kwa njia hiyohiyo. Dakika kumi baadae jina lako linaomba watu pesa, mama kalazwa hospitali, tuma kwenye namba hii.

Ikikutokea:

Usianze kulia na usiifute simu. Ingiza WhatsApp upya kwa namba yako, omba meseji ya namba sita, ziingize. Ukishaziingiza tu mwizi anatoka, mwenyewe kwa mwenyewe. Ikikuomba tena PIN ambayo hukuiweka wewe, jua kaiweka yeye, itabidi ungoje siku 7 ndo ufungue bila PIN, lakini katika siku hizo na yeye kashatoka, hawezi kuitumia.

Huku nyuma mwambie mtoto au jirani awapigie watu kwa simu ya kawaida, aanze na wale wenye huruma wepesi wa kutuma, bibi, mama mdogo, mwalimu wa chuoni. Hiyo ndo kazi ya haraka kuliko zote, akaunti itarudi lakini pesa iliyotumwa ni shida kuirudisha.

Ikisharudi, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, chochote usichokijua kitoe. Kishapo weka PIN yako ya hatua mbili na barua pepe yako ya kweli. Hiyo PIN ndo ingekukinga tangu mwanzo, inachukua dakika moja kuiweka, na mie nawawekea wateja wangu bila ya malipo, waseme tu.

Meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii" na za kushinda bahati nasibu usijibizane nazo, iripoti namba yao kwa kuituma 15040, hiyo ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, na ni ya bure.

PUK

Mtoto kachezea, laini inataka PUK. Weka simu chini. PIN ukikosea mara 3 inajifunga, PUK ukikosea mara 10 laini imekufa kabisa. PUK ni tarakimu 8, angalia kwenye kile kiplastiki laini ilipobanduliwa, au wapigie huduma kwa wateja wa mtandao wako kwa simu nyengine, watakuuliza masuala kidogo halafu watakupa. Usikisie.

FLASHI IMEKUWA NJIA ZA MKATO TU

Hii ni ya wanafunzi, wale wa SUZA na wa vyuo vyengine, wanaokwenda kuprinti kwenye maduka ya steshenari. Unarudi nyumbani unachomeka flashi kwenye laptopu, mafolda yote yamekuwa alama za njia ya mkato, kazi ya mwaka mzima haionekani. Usiibofye hata moja na usiiformati. Mafaili yamo, virusi imeyaficha tu. Kwenye Windows tafuta cmd, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, lifungue, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na hiyo E ubadilishe uweke herufi ya flashi yako, bonyeza enta, subiri. Yakitokeza yahamishe kwenye kompyuta safi, yapitishe antivairasi, ndo baadae uiformati flashi. Na kazi ya kumalizia masomo isikae kwenye flashi moja peke yake, jitumie kwa barua pepe kila ijumaa.

Laptopu kuwa nzito ni hadithi ndefu, kwa ufupi kama ina hadidisiki (diski ya kuhifadhia mafaili) ya zamani inayozunguka, kuiwekea SSD, ile diski ya kisasa isiyozunguka, kunaifanya kama mpya kuliko kuiongezea chochote. Na Windows 10 iliachwa kupewa apdeti za kawaida za usalama tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo ukiuziwa laptopu yusdi uliza kwanza kama inakubali Windows 11.

IMEIBIWA AU IMEDONDOKA NJIANI

Laini kwanza. Piga huduma kwa wateja waifunge pamoja na pesa za simu, halafu ndo ufikirie simu. Kisha chukua simu ya mtu, ingia android.com/find kwa Gmail yako (umeona umuhimu wa daftari), ikiwa ina intaneti utaiona iko wapi na unaweza kuipigisha kelele hata kama uliiweka kimya, au kuifunga. Ukiona iko kwenye nyumba ya mtu usiende peke yako, nenda polisi na namba ya IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, ile ya tarakimu 15 inayotoka ukipiga *#06#. Wengi wanaijua baada ya simu kuondoka. Ipige sasa hivi uiandike chini ya Gmail. Halafu ukairudishe laini yako kwa kitambulisho na alama za vidole, na ukiiingiza WhatsApp kwenye simu mpya ile ya mwizi inakatika.

Unaponunua simu iliyokwisha tumika kwa mtu fanya hivyohivyo, *#06#, hiyo IMEI itume kwa meseji kwenda 15090 utaletewa ni simu ya aina gani, ikitajwa nyengine na uliyoishika ni nyengine mregeshee mwenyewe. Simu feki zilizimwa nchi nzima Juni 2016 na watu walipoteza pesa zao.

La mwisho kwa wanaotuma simu kwa fundi kwa kumpa mtu anayepanda boti au gari ya Chake. Toeni laini na memori kadi mbaki nazo. Paswedi ya skrini msiiandike kwenye kikaratasi mkaibandika nyuma ya simu, nimepokea nyingi hivyo, zimepita mikono mitatu minne na mlango uko wazi. Mpigieni fundi mumwambie kwa mdomo, na ikirudi mikononi mwenu mbadilishe.